Wapambe sita, matroni mmoja au sare ya kitenge: ukiolewa ukubwani uchague kipi?

Fundi alinipima bega, akanipima kiuno, akaandika namba zake kwenye kipande cha boksi, kisha akauliza bila kuinua uso: "Na hawa wapambe sita, mama, ni wa binti yako?"

"Wangu," nikamjibu.

Akainua uso. Hakucheka, hilo namshukuru, ila ile futi ilikaa shingoni kwangu muda mrefu kuliko kipimo chenyewe.

Ilikuwa Majengo, jirani na soko, Juni 2024. Nilikuwa na miaka 48, mtumishi wa umma niliyehamia Dodoma na wizara yangu mwaka 2017, naolewa Septemba kwa mara ya kwanza, na mgane wa Chamwino mwenye mabinti wawili wakubwa. Nilitoka kwa fundi sijaacha hata kitambaa. Miezi mitatu iliyofuata nilibadili uamuzi mara nne. Na tangu niolewe, wanawake wenzangu wa umri huu wananivuta pembeni, mara kwenye foleni ya benki, mara msibani (ndiyo, msibani), kuniuliza swali lile lile: ukiolewa ukubwani, unasimamisha wapambe au unaacha?

Mimi huwarudishia swali: unataka wafanye nini? Maana wapo wanaotaka watu wa kuwabebea mizigo, wapo wanaotaka mtu wa kumshika mkono, na wapo wanaotaka ukumbi usimame. Hapa nimeweka njia nilizoziona, nilizozipita na nilizozikimbia, moja kando ya nyingine. Nimezipima kwa kazi, kwa fedha, kwa mwili na kwa maneno ya watu. Picha sikuipima, kwa sababu wengine watakupimia hata usipowaomba.

Tuanze na kilicho lazima

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mtoe taarifa ya nia ya kuoana angalau siku 21 kabla, na siku yenyewe wawepo mashahidi wasiopungua wawili. Wakatoliki nao wanataka mhudumu wa Kanisa na mashahidi wawili. Kwa Waislamu kuna walii, mahari, mashahidi wawili na maneno ya kuoza na kukubali. Pita kote huko, mpambe hutamkuta. Ni pambo, na jina lake halijaficha.

Huu mstari wa wasichana waliovaa sawasawa tumeupokea kutoka kwa Wazungu. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa London, Februari 1840, alikuwa na wasichana 12 wa kumshikia mkia wa gauni. Bibi harusi mwenyewe alikuwa na miaka 20. Kwa hiyo ukiuvaa mtindo huu na miaka 48 na ukaona unabana hapa na kupwaya pale, usishangae. Haukukatwa kwa kipimo chako. Bibi zetu walikuwa na kungwi, na kungwi hakusimama mlangoni apigwe picha. Alikuwa chumbani na kazi yake.

Rika lako au vijana?

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na ndipo na mimi nilipokwama mara mbili kati ya zile nne.

Shoga yangu mmoja wa Nkuhungu aliolewa akiwa na miaka 52. Akasimamisha wapambe sita, wote wa kikoba chake, mdogo wao ana 47 na mkubwa 55. Nilikuwa kwenye kamati, kwa hiyo naisimulia kutoka jikoni. Magauni yalikuwa ya satini ya zambarau, marefu, zipu mgongoni. Fundi waliyempata aliwapima Aprili, harusi ilikuwa Julai. Sasa mwili wa mwanamke wa umri huo hautulii sehemu moja: mmoja alianza dawa mpya, mwingine alifiwa akapungua, wa tatu hakujua mwenyewe imekuwaje. Asubuhi ya harusi zipu mbili ziligoma. Ya kwanza ilipanda baada ya mwenye gauni kuambiwa atoe pumzi zote. Ya pili haikupanda kabisa, na mimi nikapiga magoti kwenye sakafu ya chumba cha watoto wa Jumapili nikaushonea mgongo wa mtu mzima kwa uzi mweusi, maana wa zambarau haukuwepo. Juu yake tukatupia mtandio.

Kisha viatu. Kamati iliamua mchuchumio wa dhahabu kwa wote sita. Kutoka saluni hadi kanisani sawa. Kanisani wakasimama, wakasimama, wakasimama. Tulipofika Nyerere Square kupiga picha mmoja alikuwa anatembea kama anayekanyaga mbigili. Wakati wa kuingia ukumbini wanne kati ya sita walikuwa na kandambili chini ya gauni. Hakuna aliyejua, mpaka mmoja alipoitupa ya kulia katikati ya ukumbi.

Na hapo ndipo nilipogeuka. Kwa sababu vijana wangeingia na zile hatua za mazoezi, wiki mbili wanafundishwa kwenye simu, mbele mbili nyuma moja. Hawa waliomba wapigiwe dansi la zamani, la ujana wao, wakaingia wawili wawili wamekumbatiana kiunoni, polepole, kama wanawake wanaojua wanakokwenda. Ile kandambili ilipoteleza, mwenyewe akaifuata akicheza, akaivaa akicheza. Nimehudhuria harusi nyingi Dodoma hii. Ukumbi kusimama wote kwa pamoja, hadi wapishi, nimeona siku ile tu.

Weka vijana upande wa pili. Mpwa wa miaka 22 gauni linamkaa, anasimama saa tano halalamiki, na ukimtuma anakimbia. Kwenye harusi yangu mpwa wangu mmoja, ambaye hata hakuwa mpambe, alibeba mkoba wenye dawa yangu ya presha, raba, kanga mbili, pini, chaja, na chapati nne zimefungwa kwenye foili. Mkoba ule ulinisaidia kuliko ua la mkononi. Kwa kazi, kijana humshindi.

Lakini mweke huyo kijana na wenzake watano katika mstari, wewe katikati na miaka yako 50, na picha inakuwa ya mwalimu mkuu na wahitimu wa kidato cha sita. Nimesema picha siipimi, basi tuiache. Kuna jingine zito zaidi: hawakujui. Kabla ya kuingia kanisani niliingiwa na woga ambao sikuutegemea, mikono ikawa baridi kabisa. Binti wa miaka 22 angenipa maji na kuniambia nimependeza. Rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari aliniangalia tu akasema, "Unakumbuka siku ya matokeo?" Nikacheka. Mikono ikarudi.

Kwa upande wa fedha, rika na vijana karibu wanalingana, ila anayelipa si yule yule. Daftari langu la 2024 linasema hivi kwa mpambe mmoja: satini na bitana 45,000, fundi 40,000, viatu 35,000, saluni na kupambwa 40,000. Hiyo ni 160,000. Zidisha mara sita, 960,000, na bado hujawalisha wala kuwasafirisha. Vijana hutegemea bibi harusi alipe yote, na ni haki yao, wengi hawana kazi bado. Rika lako litataka kujilipia. Hapo uwe macho, maana kati ya marafiki sita wa umri wetu hakosi mmoja anayesomesha watoto watatu na hataki kusema kuwa hana.

Na maneno ya watu? Rika litasemwa: "Wanajifanya wasichana." Vijana nao watasemwa: "Kaazima ujana." Yote nimeyasikia kwa masikio yangu, mengine kutoka kwa mtu aliyekuwa anakula pilau letu.

Matroni mmoja tu

Hii ni njia ya watu wengi wanaoolewa ukubwani hapa Dodoma, na nadhani ni kwa sababu haihitaji kujieleza. Matroni yupo, besti yupo, kwisha. Gharama yake ni ile 160,000 moja, au hata hiyo isifike kama ana nguo yake nzuri.

Ugumu wake hujitokeza mahali ambapo bibi harusi wa miaka 25 hapafikirii. Makanisa mengi hutaka wasimamizi wawe mke na mume waliofunga ndoa kanisani, kwa sababu watakuwa walezi wenu. Ukiwa na miaka 25 marafiki zako ama hawajaolewa ama wameolewa juzi. Ukiwa na 48, walio karibu yako zaidi huenda mmoja ni mjane, mwingine aliachika, mwingine anaishi na baba watoto wake mwaka wa ishirini na kanisani hawajaenda. Huyu rafiki yangu wa "siku ya matokeo" ni mtalaka. Nilipeleka jina lake kwa mchungaji, mchungaji akalisoma, akanyamaza, akaniuliza kwa upole kama nina jina jingine.

Matroni wangu akawa mwenzangu wa ofisini. Ana miaka 39, kumi kasoro mmoja chini yangu, lakini ana miaka 15 ya ndoa. Kwenye mafundisho tukakaa, yeye akinifundisha namna ya kuishi na mume na watu wa mume, mimi nikiwa ndiye niliyempokea kazini akiwa mgeni. Akaniita dada, mimi nikamwita mama matroni, na hakuna aliyeona vibaya. Nilichojifunza kutoka kwake ni cha manufaa mno kuliko ningeambiwa na rika langu, kwa sababu wa rika langu wangeogopa kuniambia. Alinieleza wazi kwamba mwanaume aliyezika mke ana siku zake za mwaka ambazo hatakueleza, na usimuulize, mpikie tu.

Kwa hiyo ukichagua njia hii, peleka jina mapema, kabla ya matangazo hayajaanza kusomwa kanisani. Usimwambie rafiki "utanisimamia" kisha ukarudi kumfuta.

Na yule aliyekataliwa? Nilimweka benchi la kwanza upande wa ndugu zangu, mwisho karibu na njia, nikamkabidhi ua langu wakati wa kuvalishana pete. Kanisa halina kanuni kuhusu nani anashika ua.

Mabinti wa nyumba

Ukiolewa ukubwani mara nyingi watoto wapo: wako, wake, au wa pande zote. Watu watakuambia kwa wepesi, "Si uwasimamishe mabinti zako?" Wepesi huo ni wa anayeshauri.

Mtoto wako wa kumzaa ni jambo moja. Shoga wa Nkuhungu alikuwa na binti wa miaka 24, na binti alisema yeye hatasimama nyuma ya mama yake, atamtangulia mbele na kapu la maua kama mtoto mdogo, na alifanya hivyo, watu wakalia. Wajukuu nao ni rahisi. Mtoto wa miaka mitano ukimvisha gauni lenye mikono ya puto ameridhika, na akilala katikati ya ibada hakuna harusi iliyoharibika.

Watoto wa mume ni jambo jingine. Hawa wangu mama yao alifariki mwaka 2019. Nilikwenda Chamwino Jumapili moja kuzungumza nao, na nilikuwa na kipande cha kitambaa ndani ya pochi. Mama mkwe alinipokea, "Mbukwa," nikaitikia, akaniketisha chini ya mti akaondoka makusudi. Mdogo, mwenye miaka 19, alikubali hata kabla sijamaliza. Mkubwa, mwenye 26, aliikunja ile satini mara mbili, akaikunja tena, akanirudishia mkononi.

"Mama mdogo, nitakuja kanisani. Lakini usinivishe sare."

Nikiwa njiani kurudi nilimpigia wifi yangu. Akaniambia, "Wifi, usimrudie tena. Amekwambia atakuja. Hilo ndilo kubwa." Sikumrudia. Siku ya harusi alivaa gauni lake la bluu, akasimama mlango wa ukumbi kupokea ukoo wa baba yake, kazi aliyoiomba mwenyewe kwa kamati bila kuniambia. Wazee waliotoka Chamwino walipokelewa na sura wanayoijua. Sijui mpambe gani angeifanya kazi hiyo.

Nikiwalinganisha hawa wawili, sare na kazi, nasema hivi: mtoto wa mume umpe nafasi ya kuchagua, na muulize peke yake, baba yake asiwepo. Akikubali sare, vizuri. Akiomba kazi, mpe inayomweka upande wa ndugu zake. Akikaa kimya, usimhesabu.

Sare ya kitenge kwa wote

Hii ndiyo niliyoiangukia mwisho. Hakuna mstari wa wapambe. Unachagua kitenge kimoja, unawatangazia wanawake wa pande zako zote, ofisini, kikoba, jumuiya, ndugu, na kila mmoja anashona mshono wake kwa fundi wake. Mwenye magoti mabovu anashona gauni la kukaa vizuri, mwenye kiuno chake bado anakionyesha. Hakuna zipu ya kugoma kwa sababu kila mtu anaujua mwili wake.

Pisi ya yadi 6 tuliipata kwa 25,000. Wanawake 28 walijinunulia. Nne nililipa mimi, 100,000, kwa kumpa mwenye duka fedha mapema ili watu wanne niliowataja wakifika waambiwe "yako imeshalipiwa na kamati." Hiyo ni siri ya mimi na mwenye duka, na sasa yako.

Ubaya wake upo. Kwanza, jora huisha. Wiki tatu kabla ya harusi wawili wa mwisho waliambiwa rangi ile haipo tena, wakapewa inayofanana, na inayofanana kwenye jua la Dodoma haifanani. Pili, ukisema sare ni ya wote, mtu asiyeipata anajiona ametengwa, wakati wapambe wakiwa sita kila mtu anajua hesabu ilikuwa sita. Mama mmoja wa jirani hakupata taarifa kwa sababu hayumo kwenye kundi la simu. Mpaka leo ananisalimia kwa kichwa. Tatu, sare haibebi mkoba, utahitaji mpwa.

Lakini kwa mwili ndiyo inayoongoza, na mwili ukubwani una kura yake. Marafiki zangu saba walitoka Dar es Salaam. Treni ya SGR ilikuwa imeanza kufika Dodoma Julai ya mwaka ule, wakaja Ijumaa jioni, safari ya saa nne hivi, wakashuka miguu haijavimba. Wangekuwa wapambe, Jumamosi alfajiri wangekuwa saluni saa kumi na moja. Kwa kuwa walikuwa na vitenge vyao kwenye mabegi, walilala hadi saa mbili, wakanywa chai, wakaja kanisani wanatembea.

Usisahau pia kwamba Septemba hapa ni upepo na vumbi. Gauni la kuburuta, liwe lako au la mpambe, linatoka kanisani na pindo la rangi ya tofali. Kitenge kinachoishia kwenye kifundo cha mguu hakina habari hiyo. Ukiolewa kati ya Desemba na Aprili tatizo linageuka tope, hasa mitaa mipya ambayo lami haijafika, na humo katikati kuna Kwaresima ambayo makanisa mengi hayafungishi ndoa.

Kitu ambacho sikukipanga: wakwe walikuja na muheme. Akina mama wa Kigogo, ngoma wamezibana katikati ya mapaja, wakaanza kupiga tukiwa bado tunashuka garini. Wote walikuwa watu wazima, wengine wazee kunishinda mbali. Nilisindikizwa kuingia ukumbini na wanawake wa miaka 60, na mshehereshaji aliyekuwa ameandaa muziki wake wa kuingilia ikabidi auzime. Kama unaolewa na Mgogo, au wewe ni Mgogo, ulizia jambo hili kwa wakwe kabla hujalipia mazoezi ya hatua. Walipe nauli na chakula, na uwatuze pale pale wanapocheza.

Mashahidi wawili, basi

Bomani, watu wanne mezani, sahihi, halafu nyama choma na ndizi. Sina la kuongeza sana. Ni rahisi, ni halali, na kwa mtu ambaye hata kwa miaka 25 hakupenda kutazamwa ni zawadi. Waliokaa pamoja miaka mingi huipenda kwa sababu hawaoni cha kuwatangazia watu; sheria yenyewe hudhani kuna ndoa kwa waliokaa kama mume na mke miaka miwili au zaidi, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa na ndiyo maana cheti kina maana yake. Wengine wa kundi hili huenda kubariki ndoa kanisani, na hapo wapambe huwa ni watoto wao wenyewe, na mara nyingi inapendeza kuliko harusi.

Tatizo moja tu: michango. Kama umechangia harusi za watu miaka 20, na daftari lako lina majina, kuna watu watakasirika ukiwanyima nafasi ya kukurudishia. Nilikuwa na daftari la namna hiyo. Sikwenda bomani.

Kwa dada zangu Waislamu, wa Kondoa na hapa mjini, mambo yamejipanga tofauti: ndoa inafungwa na wanaume, wewe uko ndani na wanawake wako, kwa hiyo swali la nani atembee nyuma yako linakuja kwenye sherehe ya wanawake tu. Huko rika lako ndilo lenye mahali pake, ndani, milango imefungwa, na kandambili ikiruka hakuna mwanaume wa kuiona.

Ningekuwa wewe

Kama una marafiki wanne au sita mliopita mengi pamoja, na wote wana afya na wote wanataka, simamisha wapambe na usimwogope mtu. Viatu viwe bapa. Rangi moja, mishono tofauti. Magauni yasiwe na zipu mgongoni. Na viti vyao viwe nyuma yako kanisani, wakae wakati wa mahubiri. Wapambe wa Nkuhungu walisimama mahubiri yote na nadhani presha ya mmoja ilipanda pale.

Kama marafiki wako wametawanyika, au wawili hawasemeshani (ukubwani hili ni la kawaida kuliko tunavyokiri), sare ya kitenge inakuepusha na kuchagua. Wasiosemeshana wataketi mabenchi tofauti wamevaa nguo moja.

Kama unaolewa mara ya pili na familia ya kwanza bado ina kidonda, matroni mmoja na kelele kidogo.

Kama unachotaka hasa ni watu wa kukimbizana na shughuli, chukua wapwa wawili, wape fedha kidogo mkononi, wape mkoba, na uwaite wasaidizi. Ukiwaita wapambe watadai saluni.

Kuhusu umri wa kusema "nimechelewa kuwa na wapambe," sijauona. Nimeona umri wa kuchelewa kumpelekea fundi kitambaa: mwezi mmoja na nusu kabla, hapa Dodoma, kwa sababu Desemba na Agosti mafundi wazuri hufunga daftari. Apime siku unayoacha kitambaa, na apime tena siku kumi kabla ya harusi. Yule wa Majengo nilimrudia Julai, na pisi ya kitenge na gauni langu tu. Akaniuliza wale sita wamekwenda wapi. Nikamwambia wamekuwa 32.

Akatafuta kipande kikubwa zaidi cha boksi.